Gadi wa Tatu

Kijarida cha chuo kilipenya tundu la barua asubuhi ya Jumamosi moja ya Septemba, mwaka 2004, na kabla ya adhuhuri nusu ya Wazanzibari wa Woolwich walikuwa wamekwisha kusikia kwamba Ziyad, mtoto wa Bwana Msabaha, ameandikwa gazetini. Gazeti halikuwa. Zilikuwa kurasa nne za karatasi ya kijani zilizobanwa pini moja ubavuni. Ukurasa wa kwanza ulitangaza siku ya kupima macho bure na wa mwisho uliwakumbusha wanafunzi wasivute sigara mlangoni. Ukurasa wa tatu ulikuwa na kichwa cha habari: Msimu mpya wa mpira wa kikapu: tutarajie nini kwa magadi wetu?

Bwana Msabaha aliusoma ukurasa huo amesimama, akausoma amekaa, kisha akafuta miwani na kuusoma tena kwa sauti, kwa Kiingereza ili mkewe asikie, halafu kwa Kiswahili ili mkewe aelewe. Mkewe, Mwanamwema, alikuwa anapiga pasi yunifomu yake ya kazini, na alikuwa ameshaelewa mara ya kwanza.

"Magadi wako watatu," alisema Bwana Msabaha. "Gadi ndiye anayeupokea mpira huku chini na kuupandisha kule juu. Ndiye ubongo wa timu. Wale warefu ni minazi tu, kazi yao kusimama. Sasa sikiliza. Wa kwanza huyu Mkongo, Gires: 'Injini ya timu, ataanza kila mechi.' Injini! Injini ni chombo, Mwanamwema, inatiwa mafuta. Wa pili Mzungu wa Lithuania: 'Mkono wake umepona.' Huyo wamempa pole. Wa tatu..." Alishusha pumzi kama msoma risala mbele ya wageni wa heshima. "'Tunatarajia zaidi kutoka kwa Ziyad.' Umesikia? Wenziwe wanasifiwa kwa walichonacho. Wetu anatarajiwa. Na mwenye kutarajiwa, siku zote, ni mkubwa kuliko aliyekwisha kufika."

Pasi ilisita juu ya kola. Sentensi hiyo Mwanamwema aliijua kama alivyolijua jina lake. Mwezi wa Mei, kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi, meneja wake, msichana wa miaka ishirini na minne, alimketisha ofisini, akafunga mlango taratibu, akamwambia kwa tabasamu: "Mwanamwema, tunatarajia zaidi kutoka kwako." Kosa lake lilikuwa kumlisha uji bibi mmoja wa miaka tisini na moja kwa dakika ishirini na tano badala ya kumi. Kabla ya hapo aliambiwa maneno hayo hayo hospitalini alikokuwa akisafisha wodi, na kabla ya hapo kwenye jiko la shule. Yalikuwa matusi yaliyokoga na kuvaa suti. Mswahili akikuona mvivu atakwambia mvivu, mtagombana, mtapatana. Mwingereza anakutarajia.

"Baba Ziyad," alisema, "huenda maneno hayo yana maana nyengine."

"Maana gani nyengine?"

"Pengine wanataka ajitahidi."

Bwana Msabaha alivua miwani. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliokuwa ukimkosesha mtu la kujibu. "Mwanamwema, mimi Kiingereza nimesomeshwa Pemba, na Mwingereza mwenyewe, leso mfukoni. Hicho chako cha kuoshea wazee ni kizuri, Mungu akibariki, lakini kiache huko huko kazini."

Mwanamwema akaigeuza yunifomu upande wa pili. Angeweza kumweleza habari ya Mei. Lakini mumewe aliamini, na alipenda kuwaambia watu, kwamba mkewe ni "kama nesi" na kwamba kazini wanamtetemekea. Ukimvua mtu kilemba lazima uwe na kingine cha kumvika, na yeye hakuwa nacho.

Bwana Msabaha alifanya kazi kwenye kampuni moja ya bima katikati ya jiji, chumba cha chini kisicho dirisha, akipanga barua. Watu aliwaambia yuko "kwenye mawasiliano". Jumatatu jioni alirudi na kopi sitini za ukurasa wa tatu, na moja kati ya hizo ilikuwa imegandishwa ndani ya plastiki, ngumu kama sahani, isiyoingia maji wala mafuta. Ijumaa baada ya sala alisimama mlangoni mwa msikiti, penye viatu, akigawa.

"Nini hii, arusi?" aliuliza Faki. Faki alikuwa mlinzi wa duka kubwa la vyakula pale barabara kuu, na ndiye aliyeendesha basi dogo la jumuiya ya Wazanzibari.

"Soma. Ziyad. Gadi."

Faki alisoma kimya, midomo ikicheza. "Gadi," alisema hatimaye. "Mimi gadi mwaka wa tisa huu. Nimekamata wezi wa nyama kwa mikono yangu hii, na hajatokea mtu kunitolea kopi."

Watu walicheka, lakini karatasi walizichukua. Na karatasi ikishatoka mkononi mwa mwenyewe, hukua. Kufikia Jumapili Ziyad alikuwa anatakiwa na chuo cha Amerika. Kufikia Jumatano chuo kimekuwa vyuo vitatu, na vinagombana. Mzee mmoja wa Plumstead alipiga simu kuuliza kama Ziyad, akishafika huko, ataweza kumtafutia mpwawe aliyepotelea Ohio. Bwana Msabaha hakusema uongo hata mmoja. Mtu akimuuliza, "Ni kweli Amerika?" yeye hukohoa tu na kutazama juu, na kikohozi hicho kikafika Amerika kabla ya mtoto.

Alhamisi alikuja Bi Mardhiya na sahani ya vileja. Bi Mardhiya alikuwa mwanamke wa kheri na shari kwa kiasi sawa, na alikuwa na binti anayesomea famasia. Mwaka uliopita Mwanamwema alimsalimia binti huyo kwa uchangamfu uliozidi kidogo, na Bi Mardhiya akaona ni vyema amweleze mapema kwamba wao hawaozi kwa watu wa kupanga barua. Sasa alikaa juu ya kochi lile lile, akapanga mikunjo ya buibui lake, akauliza Ziyad ana urefu gani.

"Wa kawaida," alisema Mwanamwema.

"Lakini mpira ule si wa warefu?"

"Magadi huwa wafupi," alidakia Bwana Msabaha. "Ufupi ndio sifa yao."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Mardhiya, kama mtu aliyepokea mzigo wake mzima, haukuvunjika kitu. "Na binti yangu naye si mrefu."

Kabla hajamaliza chai mambo yalikwisha kuamuliwa. Jumamosi ya tarehe tisa Oktoba, wiki moja kabla ya Ramadhani, timu itacheza mechi ya kujipima nguvu, na jumuiya nzima itakwenda. Faki ataendesha basi. Bi Mardhiya atapika biriani. Bwana Msabaha alisema hapana haja ya kujisumbua hivyo, akalisema neno hilo kwa namna ambayo mtu yeyote angejua haja ipo.

Siku zote hizo Ziyad alikuwa amejifungia chumbani kama mtu aliyesikia nyumba ya jirani inaungua. Mwanamwema aliingia na nguo zilizokunjwa, akazihamisha kutoka mkono mmoja hadi mwingine, kisha akakaa kitandani. Alisema naye Kiswahili na Ziyad akajibu Kiingereza. Ndivyo walivyosemezana tangu mtoto alipojua kusema, kila mmoja akibaki kwao, na walielewana vizuri kuliko nyumba nyingi zenye lugha moja.

"Ziyad. 'Tunatarajia zaidi.' Zaidi ya nini?"

Kijana alitazama dari. "Zaidi ya kufika nusu saa nimechelewa."

"Kwa nini unachelewa?"

"Kwa sababu hiyo nusu saa ya kwanza kocha anatukimbiza ngazi. Mpaka juu, mpaka chini, mpaka juu. Nachukia ngazi, Mama."

Mwanamwema aliziweka nguo kitandani. Alikuwa amejitayarisha kusikia bangi, msichana, genge la wenye visu. Hakuwa amejitayarisha kusikia ngazi.

"Hebu niambie kweli. Wewe mchezaji mzuri?"

"Mimi niko alright," alisema Ziyad, na neno hilo alilitamka bila huzuni yoyote, kama mtu anayetaja saizi ya viatu vyake. "Gires ndiye mzuri. Gires anajua mpira utafika wapi kabla haujaondoka. Mimi nakaa benchi nawachekesha watu. Hata kocha hucheka, ila anajificha. Napenda kule, Mama. Napenda kila kitu isipokuwa ngazi."

"Na Amerika?"

"Amerika ya nani?"

Aliutazama uso wa mamake, kisha akakaa wima. "Baba amewaambia nani?"

"Watu."

"Wangapi?"

"Faki itabidi aende mara mbili."

Jumanne, alipotoka zamu ya asubuhi, Mwanamwema alipitiliza mpaka chuoni na yunifomu yake mwilini. Kwenye ofisi ya michezo alimkuta mwanamke wa Kihindi wa miaka hamsini na kitu, kadi ya jina shingoni: Daksha. Mwanamwema alianza kuunga Kiingereza chake neno kwa neno, cha adabu, cha ofisini. Mwanamke yule alimsikiliza kidogo, akainamisha kichwa.

"Mama, wewe mtu wa wapi? Mombasa?"

"Pemba."

"Mimi Nairobi, Ngara. Sasa nakaa Rayners Lane, kila siku safari ya saa moja na nusu kuja huku. Sema Kiswahili tu. Nasikia yote, ila yangu imeshika kutu."

Mwanamwema akasema. Alisema juu ya kijarida, kopi sitini, plastiki, Ohio, biriani. Daksha alianza kwa kutabasamu, akaacha, mwishoni akafunika uso kwa mikono.

"Ile karatasi niliandika mimi."

"Wewe?"

"Kocha alileta maneno yake ameandika kwa mkono. Ya mtoto wako alisema: 'Mvivu. Akiendelea hivi namtoa.' Mimi nikasema, hapana, mama zao watasoma. Nikaweka maneno laini." Aliinua macho. "Nilifikiri nafanya vizuri."

Mwanamwema hakujua amshukuru au amzabe kibao. "Umefanya vizuri mno, dada," alisema. "Yamekuwa laini mpaka yameteleza."

Kisha akauliza alichokuja kuuliza, na alipokuwa akiuliza aliangalia sakafu. Miaka kumi na tisa katika nchi hii alikuwa ameomba kwenye meza za watu nyumba, viza, daktari, shule. Hakuwahi kudhani atakuja kuomba dakika. "Jumamosi, kocha hawezi kumtia? Hata kidogo tu, wamwone?"

"Kocha haombeki," alisema Daksha. "Lakini hii si ligi, ni ya kujipima. Kama tuko mbele sana, anaingiza wote. Kama tuko nyuma sana, anaingiza wote. Katikati, hapana. Wewe omba Mungu tushinde sana ama tupigwe sana."

"Na hao tunaocheza nao wakoje?"

Daksha alifungua daftari la ratiba, akatia kidole, akasoma, akalifunga.

"Omba tupigwe," alisema.

Faki alikwenda mara mbili kweli. Walishuka watu thelathini na wanne na ndoo tatu za biriani, na mlangoni wakapokewa na mtunza jengo aliyewaambia chakula hakiingii. Ndoo zikarudi kwenye basi. Ukumbi ulikuwa wa baridi, unanuka raba, na viti vyake vya mbao vilikuwa vimezoea wazazi watano au sita. Wazazi hao sita waligeuka wakautazama msafara wa kanzu na mabuibui ukipanda, wakadhani wamekosea siku.

Bwana Msabaha alikaa mstari wa mbele, koti la arusi, kofia ya viua, ukurasa wa plastiki magotini. Mwisho wa mstari alikaa mwanamke peke yake, amevaa nguo za bluu za wasafishaji wa maofisi, mkoba wake wa kazi miguuni. Bwana Msabaha alimsalimu kwa ukarimu wa mtu aliyejaaliwa.

"Nawe una mtoto humu, mama?"

"Ndiyo, baba. Ule wa namba ine. Gires. Mimi ni mama yake, Angélique."

"Ah! Injini." Alimwinamia kidogo. "Si mbaya, mama. Si mbaya hata kidogo. Akijitahidi."

Filimbi ikalia. Gires alianza, na hata wazee waliodhani wamekuja kutazama netiboli waliona haraka kwamba kila kitu kiwanjani kinamzunguka yeye. Ziyad hakuanza. Zikapita dakika tano.

"Wanamweka," Bwana Msabaha aliwaeleza walio nyuma. "Silaha kubwa haitolewi mwanzo."

Zikapita dakika kumi. "Wanawachosha wale kwanza."

Dakika ya kumi na tano Ziyad aliinuka. Watu thelathini na wanne wakainuka pamoja naye, na Bi Mardhiya akamsogeza binti yake mbele ili aone vizuri. Ziyad alichukua chupa za maji, akawapelekea wenziwe, akarudi kukaa. Watu thelathini na wanne wakakaa.

"Kumbe kweli gadi," alisema Faki, kwa sauti ambayo yeye aliiita ya chini. "Analinda benchi. Na tangu tulipofika halijaibiwa."

Kicheko kilipita mstari hadi mstari, kikijaribu kujificha nyuma ya mikono. Bwana Msabaha hakugeuka, lakini Mwanamwema aliyaona masikio yake yakibadilika rangi. Kipindi cha kwanza kilipokwisha, timu iko nyuma pointi kumi na tatu, aliinuka na ukurasa wake, akakatiza kiwanja moja kwa moja hadi kwa kocha, Mjamaika mwenye shingo nene na filimbi kifuani.

"Umeandika mwenyewe!" alisema Bwana Msabaha kwa Kiingereza, akiugonga ukurasa kwa kidole. "Hapa! Mbele ya dunia nzima! Sasa mbona humwingizi?"

Kocha aliupokea ukurasa. Akausoma, akaugeuza kuona kama kuna kitu nyuma, akamtazama mzee mwenye kofia. Hakuwa mtu mbaya. Alijibu kwa huruma kabisa, ila kwa sauti ya mtu aliyezoea kusema ndani ya kumbi kubwa.

"Mzee wangu, maana yake ni aje mazoezini."

Wazanzibari wote waliokuwamo walikuwa na Kiingereza cha kutosha kuelewa hayo. Faki akayatafsiri hata hivyo, kwa faida ya wazee: "Anasema mtoto mtoro."

Bwana Msabaha alibaki katikati ya kiwanja. Alikuwa kama mtu aliyeshuka kituo sicho na treni imeshaondoka. Mwanamwema akainuka, akashuka, akatia mguu kwenye mbao za kiwanja.

"Viatu!" alipiga kelele mtunza jengo. Mumewe alikuwa amepita kabla mtu huyo hajageuka. Yeye alionwa. Basi akainama mbele ya watu wote, akafungua kamba za viatu vyake vya kazini kimoja baada ya kimoja, akavishika mkononi, akakikata kiwanja kwa soksi. Aliteleza mara moja, akajizuia. Alipofika alimshika mumewe mkono wa koti, jambo ambalo kwa miaka ishirini na miwili ya ndoa hakuwahi kulifanya mbele za watu.

"Twende ukakae."

"Sikai," alisema Bwana Msabaha polepole. "Nakwenda kwenye basi."

Kipindi cha pili Mwanamwema alikiomba chote. Aliomba mtoto wake apate dakika zake, na kwa hiyo aliomba watoto wa watu washindwe. Kila Gires alipofunga, moyo wake ulishuka. Angélique, peke yake kule mwisho, alipiga makofi kwa viganja vilivyochubuliwa na dawa za kusafishia, na Mwanamwema alipomtazama aliona haya, akasema astaghfirullah, akaendelea kuomba. Wageni walikuwa timu nzuri na wakamsaidia. Zilipobaki dakika nne, pointi zilikuwa sabini na moja kwa arobaini na sita. Kocha aliangalia benchi kuanzia mwanzo hadi mwisho, akashusha pumzi, akaita kwa kidole.

Ziyad aliingia. Mpira wa kwanza ulimpita kati ya mikono ukatoka nje. Wa pili alinyang'anywa na mtoto mfupi kuliko yeye. Wa tatu, na baadaye hapakuwa na watu wawili waliokubaliana ilikuwaje, alitazama kushoto, akautupa kulia bila kuangalia, na Gires alikuwa pale hewani, na mpira ukaingia bila kugusa chuma. Angélique alipiga kigelegele. Bi Mardhiya naye akapiga, akakumbuka hali ilivyo, akanyamaza katikati. Mpira wa nne Ziyad aliamua kuurusha mwenyewe. Haukugusa pete, haukugusa ubao. Uligonga saa ya ukutani.

Ziyad akacheka. Benchi lote likacheka, na kocha akageuka kuutazama ukuta. Mwanamwema alimwangalia mtoto wake akicheka pale kiwanjani, mbele ya watu waliokuja kumwona mfalme, na akafikiri kwamba katika jamaa zake wote wa jiji hili huyu ndiye pekee anayeweza kuharibu kazi mbele ya macho ya watu na asitetemeke. Hakujua kama hiyo ni hasara waliyoipata Ulaya au ndiyo faida yenyewe.

Bwana Msabaha alikuwa amekaa kiti cha nyuma kabisa cha basi, kati ya ndoo mbili za biriani. Mvuke ulikuwa umeziba vioo. Kofia alikuwa ameivua.

"Amecheza," alisema Mwanamwema.

"Amefanya nini?"

"Amepoteza miwili, amepiga saa, na ametoa pasi moja nzuri sana."

"Kwa nani?"

"Kwa mtoto wa yule mama Mkongo."

Alitikisa kichwa. Halafu akasema, bila ukali, "Wewe ulijua."

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia. Ukanambia Kiingereza changu cha kuoshea wazee." Na kwa kuwa yote yalikwisha kumwagika, akaona amwage na lile lililobaki. Akamweleza habari ya Mei: msichana, mlango uliofungwa taratibu, tabasamu, bakuli la uji. Bwana Msabaha alisikiliza ameinama.

"Dakika kumi," alisema. "Bibi ana meno mangapi?"

"Hana hata moja."

"Sasa kwa dakika kumi atakula vipi?" Alikuwa amekasirika, na ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi kukasirikia kitu cha kweli. "Watu gani hawa?"

"Ndio wanaotarajia zaidi."

Nje mlango wa ukumbi ulifunguliwa na sauti za watu zikaanza kuja.

"Mimi wamenambia mara nne," alisema Bwana Msabaha. "Mara ya mwisho kwa maandishi. Barua ile niliipanga mwenyewe, Mwanamwema. Niliitoa kwenye gunia, nikasoma jina, nikaitia kwenye tundu langu, na mpaka leo sijathubutu kuifungua."

Mwanamwema alimgeukia. "Basi maana yake uliijua!"

"Niliijua kwangu mimi. Kwa mtoto aliyezaliwa hapa hapa Greenwich, nilidhani wanaitumia vyengine."

Faki akagonga kioo kwa ufunguo: watu wana njaa, na wenye ndoo wamekaa nazo ndani kama walinzi.

Walikula kwenye maegesho ya magari, kwa manyunyu, ndoo zimepangwa nyuma ya basi. Bi Mardhiya alipakua. Alipofika kwa Mwanamwema alimsogelea akauliza, kama anayeuliza hali ya hewa, "Yule namba nne, Mwislamu?"

"Mkristo."

"Haya," alisema Bi Mardhiya. Sahani ya Gires aliijaza wali hata hivyo, lakini mnofu wa juu akaurudisha ndooni.

Bwana Msabaha alishuka wa mwisho. Hakwenda kwa watu wake. Alikwenda aliposimama Angélique, pembeni, mkoba begani, akimsubiri mwanawe amalize kula ili wawahi basi la kurudi. Alisimama mbele yake kofia mkononi.

"Mama, nilikusemesha vibaya mle ndani. Mtoto wako mchezaji. Hongera."

"Aksanti, baba," alisema Angélique. "Na ule wenu ana roho muzuri sana. Kwetu Gires anasemaka yeye tu: Ziyad amesema hivi, Ziyad amesema vile. Tunachekaka mupaka tunalia."

Bwana Msabaha hakuwa na hakika kama hiyo ni sifa, lakini ndiyo iliyokuwapo, akaipokea.

Harufu ilikuwa imewavuta hata wageni. Mzazi mmoja wa timu iliyoshinda, Mwingereza mwenye koti la mvua, sahani mkononi na machozi ya pilipili machoni, alimsogelea akamuuliza kwa adabu swali ambalo wazazi wa nchi hii huulizana kila Jumamosi kandokando ya viwanja: "Na wako ni yupi?"

Bwana Msabaha alitafuta kwa macho. Gires alikuwa ameshika mkoba wa mamake. Yule wa Lithuania alikuwa akiukunja na kuukunjua mkono wake. Ziyad alikuwa amekaa juu ya ndoo tupu, nywele mbichi, mdomo umejaa, akiwasimulia magadi wa timu iliyowapiga jinsi saa ilivyomkosea heshima, punje za wali zikiruka, na Faki amejishika mbavu akimwomba arudie tena.

"Yule pale," alisema Bwana Msabaha kwa Kiingereza kilichonyooka. "Yule anayekula."